Jani Lisilomo Kwenye Kompyuta

4 Februari

Dada,

Salamu zako ziko mwisho wa barua, zisubiri. Kwanza nimalizie habari ya Bwana Tai. Ndiyo kwanza ametoka, hata kiti alichokalia bado kina joto.

Bwana Tai unamjua, yule wa kampuni aliyemuuzia Mama kompyuta pamoja na cherehani ya kudarizi. Kaja kama anavyokuja kila mwaka, kuhuisha leseni. Kawasha kompyuta, kakuta ile rangi ya kijani uliyoiweka wewe. Katazama. Halafu kamgeukia Baba.

"Mzee, nani kafanya hivi?"

"Binti yangu. Anafanya kazi ya kompyuta chuoni."

"Binti yako kaua mgonjwa halafu kaenda zake."

Baba akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu, unanijua.

Sasa nikuulize, maana kwenye simu siwezi. Kwenye simu unaniwahi maneno, mimi bado natafuta langu la kwanza wewe umeshafika la kumi. Siku ile tumetoka kumzika Mama, watu bado wanaingia kutoa pole, wewe ukajifungia chumba cha cherehani na flashi yako. Ukatoka unafuta jasho. Ukasema, "Nimewakomboa. Mfumo wa kampuni nimeutoa, nimeweka wa jumuiya. Umetengenezwa na watu wanaojitolea dunia nzima, ni wa bure, hakuna leseni tena." Baba akasema ahsante mwanangu. Siku ile Baba angeambiwa nyumba inaungua angesema ahsante. Mimi hukuniuliza. Na anayekaa mbele ya ile skrini kutwa ni mimi, siyo Baba, na siyo wewe.

Mimi shule niliishia pale unapopajua. Ile kompyuta ya zamani sikuisoma, niliizoea. Nilijua picha ya kufungua iko wapi, ya uzi iko wapi, kama unavyojua swichi ya taa ya kwenu gizani. Wewe umehamisha swichi zote. Haya, hilo nimelimeza, wiki mbili nimeshazoea. Lakini nakshi za Mama hazifunguki. Zote. Nikibofya, inaniandikia sentensi ndefu. Nimeisoma polepole hadi mwisho, maana yake haijui hiki ni kitu gani.

Na mtambaazi umo humo. Ule mtambaazi wa kuzunguka foronya, majani na vikonyo, usioonekana ulipoanzia. Mama Vyumba, yule mwenye nyumba ya wageni, ameagiza foronya na mashuka ya vyumba vyake vyote kwa mtambaazi ule. Alikubaliana na Mama mwenyewe kabla ugonjwa haujamlaza kitandani. Kila siku anapita mlangoni, haingii, anachungulia tu. Akienda kwingine, Dada, hapa tunafunga. Hakuna kazi nyingine ya maana iliyobaki.

Rudisha kilichokuwepo.

Baba hajambo, kifua kimetulia. Msalimie shemeji. Mpwa wangu mwambie mjomba anamsalimia.

Mdogo wako


21 Februari

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Mtoto ameota meno mawili na yote anayatumia kuning'ata. Shemeji yako anakohoa kidogo, hali ya hewa. Nashukuru kifua cha Baba kimetulia.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nilikasirika zaidi.

Unamnukuu Bwana Tai kama mtume. Kwani hujui anakula wapi? Huyo ni mwuza kamba anayelia watu wamefunguliwa. Ngoja nikueleze, na usome polepole. Mfumo endeshi ni ule unaoamka wa kwanza ukiwasha kompyuta. Ndiyo nyumba, programu nyingine zote ni wapangaji. Nyumba aliyowauzia haikuwa yenu. Mlikuwa mnapanga. Kila mwaka anakuja kukusanya kodi, na mwaka huu alikuja kuwaambia kompyuta yenu imezeeka, mfumo mpya hauiwezi, nunueni nyingine. Alikwambia hilo? Hakukwambia. Mama aliambiwa mapema, akanieleza kwa simu akiwa kitandani.

Na hizo nakshi hazikufungwa na mimi. Programu ya kampuni inahifadhi kila kitu kwa kufuli lake, ufunguo inao kampuni. Mama alichora kwa mkono wake, kwa macho yake, wao wakatia kufuli. Leseni ikiisha, kazi ya Mama iko ndani unaiona dirishani tu. Ungebaki na mfumo wao, mwezi huu ungekuwa unaandikiwa sentensi ileile kwa rangi nyingine.

Mimi sikufuta kitu. Kabla ya kubadilisha nilinakili kila faili, ninazo hapa. Na jumuiya ina watu wanaopenda kufuli kama paka anavyopenda samaki. Nimewaandikia. Mmoja amejibu siku hiyohiyo, anataka mfano autazame. Hajauliza bei, hajauliza mimi ni nani. Huyo Tai wako aliwahi kukufanyia hivyo?

Mwambie Mama Vyumba avumilie. Na wewe uvumilie. Kulalamika mnajua, kujifunza hamtaki.

Msalimie Baba.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Sisi wazima. Baba anakula. Jana alikaa mbele ya duka, alipoulizwa na watu habari za kazi akasema mashine iko likizoni.

Barua yako nimemsomea. Nilipofika pale pa "kujifunza hamtaki" niliruka, nikasoma chini yake. Siyo kwa ajili yako, kwa ajili yake.

Umesema wanataka mfano. Mfano gani? Kuna nakshi za beji za shule, kuna maua ya mapazia, kuna herufi. Hizo peleka. Mtambaazi usipeleke kwa mtu tusiyemjua. Mama hakuutoa hata kwa dada yake wa tumbo moja. Alipoombwa alisema, "Uzi nitakupa, sindano nitakupa, mtambaazi njoo nikushonee." Nijibu hilo tu, mfano gani.

Na jingine. Unatuambia nyumba za kupanga mbaya. Huko chuoni kwako, kwenye meza yako ya kazi, kompyuta inaamka na mfumo wa nani? Wa jumuiya au wa kampuni? Nauliza tu, mimi sijasoma.

Mama Vyumba leo ameingia ndani. Hakukaa. Alisema, "Wageni wangu hawalalii huzuni." Baba akamwambia bado kidogo. Ng'ambo ya barabara Kipara alikuwa mlangoni kwake na futi shingoni, anatutazama. Unamkumbuka Kipara, yule fundi aliyefungua duka mkabala na sisi wiki ile Mama aliyoanza kuumwa.

Nijibu mapema.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo sote. Nimechelewa, kazini mambo yamenibana, nisamehe au usinisamehe.

Zimefunguka! Zote, mpaka zile beji za mwanzo kabisa. Ndani ya bahasha kuna flashi. Ichomeke, fungua folda iliyoandikwa MAMA, bofya yoyote. Nilipoona mtambaazi unajichora kwenye skrini yangu, jani baada ya jani, nilitoka nje nikasimama kwenye korido mpaka nilipotulia.

Walihangaika watu wanne, kila mmoja nchi yake. Mmoja ni mwalimu mstaafu. Hakuna aliyelipwa hata soda. Hii ndiyo ninayokwambia siku zote.

Shona sasa. Na umwambie Bwana Tai akanywe maji.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Hukujibu mfano gani. Nimejibiwa na dirisha la Kipara.

Baba hajambo kwa mwili. Juzi nilimwekea chai, ikapoa, nikaitoa, nikaweka nyingine, nayo ikapoa.

Flashi yako ilifika, nikafungua, nikafurahi, sikatai. Nikamwita Baba, tukatazama wote. Baba akagusa skrini kwa kidole. Nikaenda mwenyewe kwa Mama Vyumba, mimi, kwa miguu yangu, nikabisha hodi, nikamwambia tuko tayari. Unajua ilivyo kazi kwangu kubisha hodi. Akaniambia, "Mwanangu, mmechelewa. Kazi yangu anayo Kipara, na mtambaazi uleule."

Nikasema haiwezekani.

"Nenda katazame."

Nikavuka barabara. Kwenye kioo cha Kipara foronya mbili zimetandazwa, nyeupe, uzi wa kijani. Mtambaazi wa Mama. Siyo unaofanana nao, ni wenyewe. Lile jani lililopinda chini, ambalo Mama alikosea mara ya kwanza akalipenda akaliacha, nalo limo. Nilisimama pale mpaka Kipara akatoka.

"Karibu ndani, mtoto wa marehemu."

"Hapa panatosha."

"Usinune, sijaiba. Upo kwenye mtandao, bure, anayetaka achukue. Na jina la mama yako limeandikwa chini. Njoo uone." Akanivuta mkono. Kompyuta yake ina ile rangi ya kijani, Dada, kama ya kwetu. Akanionyesha. Jina la Mama lote, mpaka la babu. "Kila mteja akiniuliza, nasema huu ni wa marehemu wa hapo ng'ambo. Heshima, siyo?"

Mafundi wake walikuwa wanashona, wananitazama kwa chini.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Ulichukua kitu cha Mama ukakimwaga barabarani, na juu yake ukaandika jina lake ili watu wajue wanamkanyaga nani. Mimi nilikwambia usipeleke. Nilikuandikia, siyo kwenye simu useme hukusikia. Bwana Tai alitia kufuli, sawa, lakini kwenye kufuli Kipara hakuingia.

Ila nikwambie kitu kimoja, na ninakwambia ili kikuume. Ule mtambaazi haujaisha. Nilitazama pembe ya foronya ya Kipara, pana uwazi mdogo, nyuzi mbili zinakutana uchi. Jani la mwisho halipo. Halipo kwa sababu halimo kwenye kompyuta, na halijawahi kuwemo. Cherehani ikimaliza kuzunguka, Mama alikuwa anasema "haya," mimi natoa fremu, nakaa kwenye kigoda, nashona jani la mwisho kwa mkono, sindano ya kawaida, juu ya pale nyuzi zinapokutana. Jani lile ndilo linalofunga. Ndiyo maana hauonekani ulipoanzia. Kazi hiyo nimeifanya tangu miguu yangu haijagusa chini. Wewe hujui kwa sababu saa zile ulikuwa shule.

Kipara sikumwambia. Watu wako wanne wa dunia nzima hawajui. Na wewe hutajua zaidi ya hapo.

Utoe kwenye mtandao. Mimi nimempigia Bwana Tai, nimemwambia alete kompyuta mpya na mfumo wake. Afadhali kufuli.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mtoto anatambaa. Mwambie Baba anywe chai yake, mwambie nimesema mimi.

Umenitukana kwa adabu, kama unavyofanya siku zote. Ungepiga kelele ningejua pa kukushika.

Siwezi kuutoa. Maji yakimwagika hayazoleki. Wale watu wanne ili wapime kama kufuli limefunguka sawasawa, walihitaji mfano ulio wazi kwa wote, ndivyo wanavyofanya kazi. Hakuna anayefungua kwa siri halafu aseme ameweza. Niliwapa mtambaazi kwa sababu ulikuwa mgumu kuliko zote. Ukifunguka huo, zimefunguka zote. Swali lako la mfano gani niliona, nikaliacha. Nilijua utasema hapana, na zingebaki kaburini na Mama. Nichukie, lakini leo unazo.

Jina lake niliandika ili asipotee. Kampuni iliandika jina lake wapi, miaka yote ile?

Uliniuliza na jingine. Ndiyo, kwenye meza yangu kompyuta inaamka na mfumo wa kampuni. Chuo kizima. Nilimwandikia mkuu wangu tubadilishe, nikamwonyesha hesabu, akasema, "Cha bure hakina wa kumlaumu." Hataki kitu kikiharibika asijue ampigie nani kelele. Niliporudia kuandika, wakanihamishia stoo, kupanga nyaya. Ndiyo maana barua ya Aprili ilichelewa. Umefurahi?

Kwa hiyo ndiyo, labda nilichoshindwa huku nilikifanya huko. Sema unavyotaka. Lakini usimrudishie Bwana Tai shingo yako kwa sababu unanichukia mimi. Na siku atakapokuja, mwambie akusomee ile karatasi kwa sauti, yote, mpaka herufi ndogo.

Halafu kuhusu jani. Mdogo wangu, nakuomba. Niandikie linavyoshonwa, vishono vingapi, linaanzia upande gani. Nitaliingiza kwenye faili, nitaliweka toleo lililosahihishwa, kila aliyechukua atapata. Sasa hivi duniani kuna mtambaazi wa Mama wenye tundu. Huoni?

Msalimie Baba. Mwambie nitakuja.

Dada yako


30 Julai

Dada,

Barua yako ya Juni niliiweka chini ya cherehani, sikutaka kujibu. Ningeiacha pale mpaka panya waisome. Lakini leo naandika, tena haraka, nimesimama.

Baba hajambo, chai anakunywa. Shemeji na mpwa wangu nawasalimia. Wewe pia, haya.

Bwana Tai alikuja na kompyuta mpya kwenye boksi, bado inanukia duka. Akaiwasha. Kwa kweli inapendeza, haina kelele. Akanipa kalamu. Nikamwambia nisomee.

"Nini, kijana?"

"Hiyo karatasi. Kwa sauti."

Akacheka, akamtazama Baba. Baba akasema, "Msomee. Na mimi sina miwani." Miwani ilikuwa puani kwake.

Akasoma. Anaruka, Baba anamrudisha. Tukafika pale panaposema nakshi zote zitakaa kwenye ghala la kampuni huko mbali, siyo hapa kwetu, na tusipolipa mlango unafungwa. Nikasema sawa, endelea. Nilikuwa bado nataka kusaini, Dada. Kwa hasira niliyokuwa nayo kwako, ningesaini hata hukumu yangu.

Alipomaliza akasema, kwa vile sisi wateja wa siku nyingi, tuchague nakshi moja ya zawadi kwenye duka la kampuni. Akafungua. Maua, ndege, herufi, kila moja na bei yake. Anashusha, anashusha. Nikamwambia simama.

Mtambaazi. Namba na bei. Na lile jani lililopinda chini.

"Huu wa nani?" nikauliza.

"Wa kampuni. Kila kilichomo humu ni cha kampuni."

"Kauchora nani?"

"Tuna wachoraji wetu."

Nikaweka kidole kwenye skrini, pembeni, pale kwenye uwazi. Jani la mwisho halipo. Yaani waliuokota palepale ulipoumwaga wewe, na tundu lake. Tofauti, Kipara aliacha jina. Hawa walifuta jina wakaweka bei. Halafu wananipa zawadi mtambaazi wa mama yangu.

Mimi si mtu wa kuongea. Nilisema, "Beba kompyuta yako." Akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza. Baba akainuka, akaanza kuirudisha kwenye boksi mwenyewe, taratibu, na ile sponji nyeupe kila upande, kama anayemvisha mtoto. Bwana Tai akasema, "Mzee, huo mfumo wa bure ukiharibika mtamlilia nani?" Baba akamwambia, "Tutamlilia binti yangu. Analilika."

Basi ile ya kijani ipo, ndiyo ninayotumia. Nimeizoea. Usifurahi.

Hayo yalikuwa wiki iliyopita. Ya leo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Asubuhi Mama Vyumba kaingia na furushi. Hakusalimu. Kalifungua mezani mbele ya Baba, foronya zimemwagika mpaka chini. Zimefuliwa. Pembe moja baada ya nyingine, ule uzi wa kijani umeanza kuachia pale kwenye uwazi, ukiuvuta jani linatoka, na la pili, na la tatu. Mimi nilijua zitafumuka. Tangu siku ile ya dirisha la Kipara nilijua. Nilikuwa nasubiri, kusema kweli, nione Kipara anavyoumbuka.

Hakuumbuka Kipara.

Mama Vyumba kasema, "Nimekwenda kwa Kipara, kasema yeye kashona kama ulivyochorwa, na jina la mchoraji kanionyesha. Mzee, mkeo alikuwa fundi, au alikuwa anatuchezea?"

Dada, Baba akainama. Akaokota zile za chini, akazikunja. Nne kwa nne. Aliyekuwa na jibu nilikuwa mimi, nimesimama nyuma ya cherehani, mdomo umejaa. Mpaka yule mama anatoka hata neno moja halikutoka.

Baba akanigeukia. "Lile jani lako la mkono. Kipara alijua?"

"Hapana."

"Wewe ulijua hajui?"

Nikatazama sakafu. Akasema, "Kwa hiyo mchuma janga..." hakumaliza, akaingia ndani.

Sasa nasema na wewe, halafu nakwenda. Jani silileti kwenye barua. Haliandikiki, nimejaribu leo na karatasi tatu, ni la mkono, linategemea uzi umekazwa vipi. Ukilitaka liingie kwenye hiyo faili yako, njoo. Ukae kwenye kigoda, ushike sindano, nikufundishe kama nilivyofundishwa, nikugonge vidole ukikosea. Uje bila flashi siku ya kwanza. Sijakusamehe. Hata ukija sijakusamehe, nitakufundisha tu.

Barua naikatiza hapa. Mlango wa Kipara uko wazi na Mama Vyumba ameshampelekea furushi la pili. Kutoka hapa naona zile nyeupe zimejaa meza yake yote, na yeye anazigeuzageuza hajui pa kuanzia. Naivuka barabara. Simsaidii Kipara, Kipara hata afunge duka kesho. Nawe usiniandikie kwamba hiyo ndiyo jumuiya, ukiandika sitafungua bahasha. Nakwenda kwa sababu moja tu: pale mezani jina la Mama linafumuka, na sindano ninayo mimi.

Mdogo wako